Wanaofika Kabla Yangu

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Mimi ni mzima, ila goti linaninung'unikia nikipanda ngazi. Wewe je? Mumeo hajambo? Na mjukuu wangu ameacha kunyonya kidole, au bado mnamfunga kitambaa?

Usinune kwa kuwa sipokei simu zako. Simu za siku hizi zimeharibika. Mtu anaongea kama ametia pamba mdomoni, na ukimwambia aseme vizuri anakupigia kelele kama mna ugomvi. Barua haina ukorofi huo.

Nina jambo linaninyima raha, na nimekosa wa kumwambia. Ni klabu yetu ya muziki wa klasiki. Ukumbi ni ule ule wa shule, kila Jumamosi alasiri, na waliobaki unawajua wote: mimi na fidla ya kwanza, Mama Cherehani na fidla ya pili, Bwana Posta na viola yake, na rafiki yangu Miwani na selo. Usiyemjua ni mmoja, mfamasia, mwanamke wa makamo aliyefungua duka la dawa mkabala na benki. Anapiga piano, anapuliza klarineti, na ana tabia ya kutabasamu kabla hujamaliza kusema.

Tangu aje, nikifika nawakuta wameshafika. Wote. Mama Cherehani, ambaye alichelewa hata kwenye harusi yake mwenyewe, namkuta ameketi na fidla begani. Nikifungua mlango wanakata maneno, kisha mmoja ananiuliza habari za goti. Nilidhani ni bahati tu. Sasa imekuwa kila Jumamosi.

Tena wameiondoa ile kazi ya piano, ule utunzi wa watu watano. Unaijua ninayoisema. Mama yako ndiye aliyeipiga mara ya mwisho, na tangu tumzike hakuna aliyekaa kwenye piano ile kwa ajili hiyo. Mwaka huu tulikubaliana tuipige kwenye onyesho la mwisho wa Mei, maana hatimaye tumepata mpiga piano. Nimekuwa nikiifanyia mazoezi nyumbani kila asubuhi kama kijana mwenye mtihani. Juzi mfamasia akasema bora tupige kazi ya klarineti, na wote wakaitikia kama waliokaririshwa. Hata Miwani.

Nimepima ardhi maisha yangu yote. Namjua mtu aliyesogeza jiwe la mpaka kwa jinsi anavyokukaribisha kiti.

Baba yako

17 Februari

Shikamoo baba,

Sisi huku hatujambo. Kidole bado kinanyonywa, sasa kwa siri, chini ya meza. Kazini nina meno ya bandia ya watu wengi yananisubiri, kila mmoja anataka yake kwanza, kama vile mwenzake hali.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Nami sitakuficha: huyo mfamasia simpendi na wala sijamwona. Ana mume? Hukusema. Anafungua duka mahali asipojulikana, anaingia kwenye klabu ya wazee, na wa kwanza kuzungukwa naye ni mjane mwenye nyumba yake, pensheni yake, na meno yake yote mdomoni (hayo nimeyakagua mwenyewe). Mimi binti yako nisiposhtuka, ashtuke nani?

Na kwa nini aiguse kazi ya mama, kati ya kazi zote? Mtu anayetaka kukaa kwenye kiti cha marehemu angeipiga apigiwe makofi. Anayeiondoa anataka nini? Nimewaza mpaka nikaunguza sufuria.

Muulize Miwani. Yeye ni kama ndugu yako, hawezi kukuficha. Kama anakuficha, basi nitajua kweli kuna jambo.

Mwanao akupendaye

1 Machi

Mwanangu,

Natumai hamjambo. Mimi naendelea vizuri, asante Mungu.

Mambo ya mume na kiti cha marehemu yaache. Yule mama hanitazami kwa jicho hilo. Ananitazama kama mtu anayeangalia sufuria isichemke ikamwagika. Ana mume, nimemwona, mtu mnene mpole anayekuja kumchukua.

Miwani nimemuuliza. Nilikwenda dukani kwake nikamkuta anamfungia mteja fremu. Nikasubiri. Nikamuuliza waziwazi kwa nini wanafika mapema na kwa nini wananyamaza nikiingia. Mwanangu, huyu ni mtu aliyeshika kona ya jeneza la mama yako. Alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaivua akaifuta tena. Kisha akasema wanakuja mapema kupanga viti. Viti vitano.

Kuna jingine. Unakumbuka desturi yetu ya kupatanisha nyuzi kabla ya kupiga. Wengine huchukua noti kwenye piano, au kwenye kile chuma cha uma cha kupimia sauti. Sisi, tangu tuianzishe klabu, mkubwa wa umri hutoa noti ya la kwenye fidla yake, kutoka kichwani, na wengine wanamfuata. Ninayetoa ni mimi. Zamani nikitoa walikuwa wananitania, Bwana Posta anasema nimelala vibaya, tunacheka, tunalinganisha. Siku hizi wananifuata kimya kimya wakitazama sakafu. Bwana Posta, anayebishana hata na saa ya ukutani, hasemi neno.

Na klarineti ya yule mama kila mara iko juu. Inanikwaruza meno. Piano ya ukumbi nayo imepanda, nimewaambia waite fundi, wanasema watamwita, hawamwiti. Klabu ilikuwa imepatana kabla hajaja. Sasa kila kitu kimeteguka, na anayeona ni mimi peke yangu.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Nitasimama niseme: ama yeye atoke, ama mimi. Nikitoka sirudi, na fidla naifunga moja kwa moja. Lakini sitaki kusimama mikono mitupu. Ufunguo wa ukumbi ninao. Kile kinasa sauti ulichoniachia nitakificha ndani ya kiti cha piano kabla hawajafika.

Baba yako

10 Machi

Shikamoo baba,

Pole na goti. Mtoto ana mafua, nasi tumeshaambukizwa, lakini si ya kulaza mtu.

Viti vitano watu wanne wanavipanga saa nzima? Mimi na mwenzangu tunapanga meno ishirini na nane kwa muda huo.

Mume wangu anasema nikuzuie, kunasa watu maneno ni aibu. Mimi nasema tega. Mtu akikuzunguka huna haja ya kumwomba ruhusa ya kujua. Klabu hiyo ni wewe na mama mlioianza sebuleni kwetu, nikiwa nalala kwenye kochi katikati ya selo na viola. Hawawezi kukutoa humo kwa kunong'ona. Nitumie nikusikilizie.

Mwanao

22 Machi

Mwanangu,

Salamu sana. Mpe mtoto maji ya uvuguvugu, atapona.

Kwenye bahasha hii kuna kikadi cha kinasa sauti. Nilikitega asubuhi, nikarudi alasiri saa yangu ya kawaida kama mtu asiyejua lolote. Kimenasa tangu wanaingia mpaka tumemaliza.

Nimekisikiliza mwenyewe. Viti vinaburutwa, mtu anakohoa, kisha ni minong'ono mitupu. Wananong'ona, mwanangu, ndani ya ukumbi usio na mtu mwingine. Mtu asiye na jambo la kuficha ananong'ona nini? Nimeongeza sauti mpaka mwisho, nikapata mvumo tu. Jina langu nimelisikia, na nadhani nimesikia neno "onyesho".

Wewe masikio yako ni ya mama yako. Keti mahali patulivu, sikiliza, uniandikie neno kwa neno, nani kasema nini. Usipunguze makali kwa kunionea huruma. Nitayasoma mbele yao wote kwenye mkutano, na nitaanza na Miwani.

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo baba,

Sisi wazima. Kikadi kimefika lakini nadhani kiliharibika njiani, hakisikiki kitu. Pole sana baba. Labda uliache tu jambo hili. Nina kazi nyingi wiki hii, nitaandika zaidi baadaye.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Sijambo.

Nimesoma barua yako, na haikunichukua muda, maana haina kitu. Hukusema habari za mtoto. Hukunitania. Mtu aliyeniambia "tega" mwezi uliopita leo ananiambia niliache. Kikadi nilikisikiliza mwenyewe kabla sijakifunga, kilikuwa kinasema. Na kama kimeharibika, mbona hukukirudisha?

Nilikutengea wewe peke yako mahali ambapo sitilii shaka. Usiniondolee na hapo. Umesikia, na unajua nimejua umesikia. Niandikie.

Baba yako

15 Aprili

Shikamoo baba,

Nisamehe. Kikadi ni kizima. Nimekisikiliza mara nyingi, na mara zote nimelia, mume wangu akidhani kuna msiba.

Umesema nisipunguze makali, basi sipunguzi. Jambo la kwanza: hawanong'oni, baba. Wanaongea kwa sauti ya kawaida, ya watu walio mbali kidogo na kinasa sauti. Bwana Posta anacheka kwa nguvu mpaka chombo kinakwaruza. Nilimpa mume wangu asikilize bila kumwambia kitu, naye amesikia kila neno.

Jambo la pili ni kwa nini wanakuja mapema. Wanakuja kulegeza nyuzi. Miwani anasikika akisema: "Leo atatoa chini kuliko wiki iliyopita. Shusheni sasa hivi, ili akitoa noti yake tusiwe mbali. Na wewe Posta, usikunje uso, macho yake ni mazima."

Ni ile noti yako ya la, baba. Imeshuka. Sikuamini, nikaenda kwa jirani mwenye kinanda, nikaweka kikadi mpaka pale unapoingia na kutoa noti, kisha nikabonyeza. Tofauti yake hata mjukuu wako aliisikia, akageuka. Nimemuuliza daktari wa masikio wa kliniki yetu, bila kukutaja. Anasema masikio yakizeeka, wapo ambao sauti huwafikia kama imepanda, na mpiga fidla anayetegemea kumbukumbu ataishusha mpaka imridhishe. Ndiyo maana klarineti iko juu. Ndiyo maana piano iko juu. Na simu, baba, haikuharibika.

Sasa sikia habari za mfamasia. Mama Cherehani anauliza kwa nini usiambiwe tu.  Miwani anasema, "Mwambie wewe."  Kisha mfamasia anasema, nami naandika kama nilivyosikia:

"Piano haishuki, jamani. Nikikaa kwenye piano siku ile, atajua mbele ya watu wote, na kazi yenyewe ni ya mkewe. Klarineti naweza kuivuta. Nimeagiza kile kipande cha juu kirefu zaidi, itashuka. Ikitoka mbaya, acheni aseme ni mimi. Mimi mgeni. Mgeni akilaumiwa hakuna kinachovunjika."

Nilimchukia mtu huyo kwa barua nzima, baba, na nikakutia moto. Niliposikia hayo nilitamani nimeze wino wangu.

Mkutano ni wiki ijayo. Tafadhali usisimame useme uliyopanga. Miwani hakukuzunguka. Hakuweza tu kukwambia.

Nakupenda. Niandikie hata matusi.

Mwanao

14 Mei

Shikamoo baba,

Natumai u mzima. Sisi hatujambo.

Mkutano umepita na sijapata neno lako. Nimepiga simu, haikupokelewa. Nimempigia Miwani dukani, akaniambia u hai na unakula, zaidi ya hapo nikuulize mwenyewe. Alikuwa na sauti ya mtu aliyekatazwa.

Sijui kama ulisimama. Sijui kama umemfukuza yule mama, au umejifukuza mwenyewe. Ukumbi naufikiria kila Jumamosi alasiri, naacha meno ya watu mezani nakaa tu.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi, baba. Kimya chako sikiwezi.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu, mama yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa mumeo na kwa mjukuu wangu mwenye masikio makali. Mimi sijambo.

Nilikasirika, na sana. Barua yako niliisoma nikaisukuma chini ya godoro. Nilisema wamekufikia hata wewe. Nilikaa nawaza Miwani alipata wapi anwani yako, alikuahidi nini, na mumeo aliingizwa lini. Unaona nilipokuwa nimefika. Nilikuwa tayari kuamini kuwa watu saba, mmoja wao mtoto mdogo, wamekula njama juu yangu, kuliko kuamini kuwa sikio limechoka.

Kisha nikamwita fundi wa piano mwenyewe, kwa siri, siku ya kazi ukumbi ukiwa mtupu. Nikamwambia imepanda, aishushe. Alipima noti moja baada ya nyingine, akafunga mfuko wake, akasema iko sawa na hawezi kuishusha piano nzima kwa ajili ya mtu mmoja. Nikamlipa akaenda. Nilipobaki peke yangu nilikaa kwenye kiti cha mama yako nikabonyeza noti ile ya la, na ilikuwa juu. Nikaibonyeza tena na tena mpaka kidole kikauma. Juu. Na nilijua kwamba haikuwa juu. Mwanangu, niliogopa kama sijawahi kuogopa, kwa sababu sikuwa tena na mtu wa kumshuku.

Siku ya mkutano niliwahi mimi. Nilikaa kwenye kiti changu nikawasubiri. Wakaingia mmoja mmoja, na kila aliyeingia akasimama mlangoni kama aliyekosea nyumba. Mama Cherehani akaniuliza habari za goti. Nikawaambia wakae.

Nilikuwa nimeandika hotuba, ikanitoka. Nilisema tu kuwa ile kazi ya piano irudi kwenye onyesho, na noti itoke kwenye piano. "Mimi nitafuata," nikasema. Hakuna aliyeuliza nimejuaje. Mfamasia alikwenda kwenye piano taratibu, akabonyeza. Hakutabasamu.

Nikazungusha kigingi mpaka nikadhani nimefika. Kisha nikamtazama Miwani, nikamuuliza, "Wapi?"

Alivua miwani yake, akataka kuifuta. Nikamwambia aivae, anitazame.

"Chini," akasema.

Nikapandisha.

"Bado."

Nikapandisha tena, mpaka ikanichoma.

"Bado, ndugu yangu," akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka hata hayafuti. Bwana Posta akageukia ukutani. Nilimsikiliza Miwani mpaka aliposema basi.

Onyesho lilikuwa juzi. Ukumbi ulijaa, hata wazazi wa wanafunzi walisimama nyuma. Tuliipiga yote, tangu mwanzo hadi mwisho, na yule mama alikaa mahali pa mama yako. Wewe nikuambie ukweli. Kwa masikio yangu kila noti ilikuwa kosa. Piano ilikuwa juu, fidla yangu ilikuwa juu, na pale katikati panapokuwa polepole, mahali nilipopangojea miaka yote hii, palisikika kama pamepigwa na watu nisiowajua. Nilitaka kushusha vidole. Mkono mzima ulikuwa unanivuta nishushe. Kila mara nilimtazama Miwani kwenye selo yake, naye kila mara alitikisa kichwa kuwa ndivyo, niendelee, nami nikaviacha vidole pale alipotaka.

Sikumpata mama yako mle ndani. Nilidhani nitampata. Lakini tulipomaliza watu hawakupiga makofi mara moja, na Mama Cherehani alikuwa amefunga macho. Walioisikia wote wanasema ilikuwa nzuri sana.

Nimeamua kuwaamini.

Baba yako